Macho ya mtoto njiti (2): Nani yuko hatarini?

Wiki iliyopita tuliona kwamba mishipa ya damu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huanza kukua mimba ikiwa na wiki kama 16 na hukamilika karibu na wiki ya 40. Mtoto njiti huzaliwa kazi hiyo haijaisha. Mishipa inaweza kusimama, kisha ikachipua upya ovyo, ikavuja damu na kuivuta retina mpaka ibanduke.

Hatari kubwa ya ugonjwa huu wa retina hutokana na umri wa mimba na uzito. Aliyezaliwa kabla ya wiki 32, au akiwa na chini ya gramu 1,500, lazima apimwe. Katika nchi zetu hata waliozidi hapo kidogo hupata ugonjwa huu, hasa wakiugua sana.

Kisha kuna oksijeni. Mwaka 1942 Theodore Terry wa Boston aliueleza ugonjwa huu. Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne akaihusisha oksijeni nyingi. Hospitali zilipoibana mno, watoto wengine walikufa. Kwa hiyo mzazi asiikatae oksijeni: ni dawa, nayo ina kipimo chake. Mtoto anayewekewa hushikizwa kifaa cha kuipima mkononi au mguuni, na wauguzi hulenga oksijeni ya damu ibaki kati ya asilimia 90 na 95. Maambukizi ya damu, kuongezewa damu na kutoongezeka uzito huzidisha hatari.

Linalonitia hofu zaidi ni kalenda. Mama mkulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, aliyepandishwa mlima Kitonga kwa rufaa hadi Iringa, huruhusiwa mtoto akianza kunyonya na kunenepa. Kipimo cha macho hufanywa takriban wiki ya nne baada ya kuzaliwa, na huenda wakati huo ameshateremka bondeni. Kwa nje jicho la mtoto ni zima kabisa. Mboni ikionekana nyeupe, muda wa kuliokoa kwa kawaida umeshapita, ilhali tiba ya mionzi ya leza au sindano ya jicho hutakiwa ndani ya siku mbili tatu baada ya hatari kuonekana.

Mama, baba, bibi: kabla hamjatoka wodini, muulizeni daktari macho ya mtoto yatapimwa lini na wapi, na tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi ya kliniki.