Hogo na mguu kifundo

Hogo linasifiwa kwa kazi isiyo yake. Likitajwa tu, watu humfikiria mchezaji aliyevunjika au abiria wa bodaboda, kisha husema hogo "limeunga" mfupa. Halijaunga kitu. Mfupa hujiunga wenyewe. Hogo huuzuia tu usitikisike. Kazi yake kubwa, ya kubadili kabisa umbo la kiungo, hogo huifanya kwenye mguu ambao haukuvunjika: mguu kifundo wa mtoto mchanga, unyayo umegeukia ndani, kisigino kimepanda juu.

Huzaliwa hivyo takriban mtoto mmoja katika kila 1,000, wavulana wakiwa kama mara mbili ya wasichana. Kabla daktari hajamwona mtoto, mama amekwisha kushtakiwa: alimcheka mlemavu, au karogwa. Upuuzi mtupu, tena upuuzi unaochelewesha matibabu.

Aliyeona uwezo wa hogo hapa ni Ignacio Ponseti, aliyezaliwa kisiwa cha Menorca, Hispania, mwaka 1914, akafanya kazi Iowa, Marekani. Aliwakuta watu waliopasuliwa utotoni wakiwa na nyayo ngumu zenye maumivu. Akageukia hadubini. Kano za mtoto mchanga zina nyuzi za kolajeni zenye mawimbimawimbi. Zikivutwa taratibu, mawimbi hunyooka na kano hurefuka kidogo. Zikitulizwa siku chache ndani ya hogo, mawimbi hujirudia, safari hii katika urefu mpya, na kano huwa tayari kuvutwa tena. Ndiyo maana hogo hubadilishwa kila wiki, wala si kwa sababu limechafuka. Mara tano au sita hivi, na unyayo uliotazama ndani unatazama nje.

Hakuna nguvu inayotumika. Kidole gumba cha daktari hukaa juu ya mfupa wa kifundo, upande wa nje, na unyayo huzungushwa polepole kuuzunguka mfupa huo. Mtoto anaweza kuwa ananyonya muda wote. Hogo hupanda hadi pajani, goti likiwa limekunjwa, la sivyo mguu huzunguka humo ndani na kazi yote kupotea. Na hapa plasta ya jasi, ile ya bei nafuu, huishinda faibaglasi, kwa kuwa hufinyangika na kufuata kila bonde la unyayo mdogo.

Kano ya kisigino pekee ndiyo kaidi. Ni nene, haivutiki kama nyingine, hivyo kwa watoto wengi hukatwa kwa kisu chembamba baada ya sindano ya ganzi. Katika wiki tatu za hogo la mwisho, kano iliyokatwa huota upya, ikiwa ndefu kuliko awali.

Ponseti aliandika matokeo yake mwaka 1963. Madaktari wenzake wengi waliendelea kupasua kwa miongo kadhaa. Wazazi ndio walioeneza habari, wakiandikiana kwenye intaneti, na mzee akafariki mwaka 2009 akiwa ameshuhudia njia yake ikikubalika.

Kinachoharibu kazi hii siku hizi ni kuachwa kwa viatu. Baada ya hogo, mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku tu mpaka afikishe miaka kama minne. Wazazi wakiona mguu umenyooka huvitupa uvunguni, na mguu hurudi ulikotoka. Nchini Uganda, fundi Mholanzi Michiel Steenbeek alibuni viatu vya aina hiyo vya ngozi na chuma cha kawaida, vinavyoweza kutengenezwa na mafundi wa hapohapo. Sisi Watanzania tuna washona viatu na wachomeleaji kila mtaa, halafu mzazi anaambiwa asubiri msaada wa wafadhili! Hata jasi ya hogo inachimbwa kwetu, Makanya, wilayani Same, ila tumeizoea kwenye saruji tu.

Hogo hufungwa pia kwa ajili ya kiwiko, kifundo cha mkono, nyonga ya mtoto iliyochomoka, kidonda cha unyayo cha mgonjwa wa kisukari. Popote lilipofungwa, likiwa bichi lishikwe kwa viganja, si kwa ncha za vidole. Usijikune ndani yake kwa spoku. Na maumivu yakizidi, au vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usingoje tarehe ya kliniki.