Kompyuta ya michezo: Kifaa kimoja kisichooana hula faida ya safari nzima

Na Mwandishi Wetu wa Masuala ya Kanda

Biashara ya kompyuta mipakani imebadilika sura. Kwa miaka mingi mzigo ulikuwa kompyuta nzima, hasa zile za ofisini zilizotumika Ulaya, ambazo Nairobi na Kampala huitwa ex-UK. Sasa amejitokeza mteja wa aina nyingine: kijana anayecheza Counter-Strike, Valorant au mpira wa EA Sports FC, mwenye kibanda cha michezo mtaani, na mhariri wa video za harusi ambaye mashine ya mchezaji inamfaa vilevile. Mteja huyu haulizi bei ya kompyuta. Anakuja na orodha ya vifaa, anataka viletwe vikiwa vipande, na fundi wake ndiye atakayeviunga.

Mzigo huu una mvuto wake. Kadi ya picha moja huingia katika begi la mgongoni, haiozi, na thamani yake huweza kuzidi magunia kadhaa ya mahindi. Lakini una hatari ambayo mchele na vitenge havina. Gunia likikataliwa na mteja mmoja, mwingine atalinunua. Ubao mama usioingiana na prosesa hauna mnunuzi siku hiyo, na kuurudisha Kariakoo, Luthuli Avenue au Deira kunagharimu nauli na muda kuliko faida yote uliyotarajia. Ndiyo maana mfanyabiashara anayeleta vifaa hivi anahitaji kuelewa orodha ya mteja kabla ya kutoa fedha, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kucheza mchezo wowote.

Kadi ya picha kwanza

Katika kompyuta ya michezo, kadi ya picha ndiyo inayobeba kazi kubwa, na kwa kawaida huchukua theluthi moja hadi nusu ya bajeti. Orodha yenye prosesa ya bei ghali na kadi dhaifu ni dalili kwamba mteja ameshauriwa vibaya. Mwulize anacheza nini na skrini yake ni ya aina gani. Kwa skrini ya kawaida ya nukta 1920 kwa 1080, kadi za daraja la kati kama GeForce RTX 4060 au Radeon RX 6600, zote zenye kumbukumbu ya GB 8, zinatosha kwa michezo mingi.

Jina peke yake halitoshi. RTX 3060 ilitoka ikiwa na GB 12, kisha ikaja ya GB 8 ambayo ina kasi ndogo zaidi. RTX 3050 ipo ya GB 8 na ya GB 6, na hiyo ya GB 6 ni dhaifu. Andika jina lote pamoja na ukubwa wa kumbukumbu, la sivyo muuzaji atakupa ile anayotaka kuiondoa dukani.

Mteja mwenye fedha kidogo ana njia ya mkato: kununua kompyuta ya ex-UK na kuiongezea kadi ndogo. Nafasi ya kadi katika ubao mama hutoa umeme usiozidi wati 75, kwa hiyo kadi kama GTX 1650 isiyo na waya wa ziada, au RTX 3050 ya GB 6 inayotumia wati 70, inaweza kufanya kazi bila kubadilisha pawa saplai. Angalia mambo mawili. Makasha membamba ya ofisini hupokea kadi fupi tu, na kompyuta nyingi za Dell OptiPlex zina pawa saplai ya umbo lake yenyewe, ambayo haibadilishwi na ya kawaida ya dukani.

Prosesa na ubao mama ni ndoa

Hapa ndipo hasara nyingi huanzia. Kila prosesa ina soketi yake, na ubao mama hupokea soketi moja tu. Kwa AMD, soketi ya AM4 hutumia RAM ya DDR4. AM5, iliyoingia sokoni mwaka 2022, hutumia DDR5 peke yake. Kwa Intel, prosesa za kizazi cha 12 hadi cha 14 hukaa kwenye soketi ya LGA1700, na humo kuna mbao mama za DDR4 na nyingine za DDR5. Zile za Core Ultra 200S, zilizotoka Oktoba 2024, zina soketi ya LGA1851 na hutumia DDR5 tu.

RAM za DDR4 na DDR5 zote zina pini 288 na kwa mbali zinafanana, lakini pengo lake halikai mahali pamoja. Ukilazimisha utavunja. Tofautisha pia RAM fupi ya laptopu na ile ndefu ya kompyuta ya mezani. Haya mawili yanatosha kuharibu safari ya Busia hadi Kampala.

Herufi za mwisho za jina nazo zina maana ya fedha. Prosesa ya Intel yenye F mwishoni, kama Core i5-12400F, haina uwezo wa kutoa picha yenyewe. Hali ni hiyo kwa Ryzen 5 5600, ilhali 5600G inao. Mteja akiunga kompyuta yenye 12400F bila kadi ya picha, skrini itabaki nyeusi, naye atakurudia akidai umemletea kifaa kibovu. Mweleze mapema na uandike kwenye risiti.

Uliza pia kama prosesa ni ya boksi au ya trei. Ya trei huwa nafuu, lakini huja bila feni na mara nyingi waranti yake ni ahadi ya duka tu. Kwa AM4, mbao mama za zamani kama B450 huhitaji kusasishwa programu yake ya ndani, BIOS, kabla ya kuitambua prosesa ya Ryzen 5000. Mwombe muuzaji aifanye kazi hiyo dukani mbele yako.

Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zinahitaji tahadhari zikiwa zimetumika. Baadhi ya zile zenye nguvu kubwa zilipata tatizo la umeme wa ndani lililozifanya ziyumbe na kuzima. Agosti 2024 Intel ilitoa marekebisho na kuongeza waranti kwa miaka 2. Marekebisho hayo huzuia madhara, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuharibika.

RAM: bei ya jana si ya leo

Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM ilipanda kwa kasi duniani, kwa kuwa viwanda vinapeleka chipu nyingi kwenye vituo vya akili bandia. Desemba mwaka huo, Micron ya Marekani ilitangaza kuacha kuwauzia wateja wa kawaida bidhaa zake za Crucial, jina ambalo maduka mengi ya kanda yalilitegemea. Kwa mfanyabiashara, maana yake ni kutompa mteja bei ya RAM inayodumu mwezi mzima. Mpe bei ya siku chache na uchukue malipo ya awali. RAM mbili za GB 8 humfaa mchezaji kuliko moja ya GB 16, kwa sababu mbili hufanya kazi sambamba.

SSD za umbo la M.2 nazo huchanganya. Zipo za NVMe na za SATA, zinafanana umbo, lakini si kila nafasi ya ubao mama inapokea zote. Soma maelezo ya ubao mama kabla ya kununua.

Pawa saplai: usidanganywe na namba kubwa

Kifaa ambacho wateja wengi hukibania fedha ni pawa saplai, nacho kikiharibika huweza kuondoka na vingine vyote. Makasha mengi ya bei nafuu huja na pawa saplai iliyoandikwa wati 500. Usisome namba hiyo. Tafuta kwenye lebo mstari wa volti 12, kwa kuwa ndio unaolisha prosesa na kadi ya picha. Zidisha ampea kwa 12. Ikiwa umeandikwa ampea 18, jibu ni wati 216, si 500.

Chukua mfano wa RTX 4060. Kadi hiyo hutumia hadi wati 115. Prosesa ya daraja la kati inaweza kufika wati 90, na feni, diski na ubao mama tuseme 50. Jumla ni takriban wati 255. Ile ya wati 216 itazidiwa mchezo ukipamba moto. Nvidia hupendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa kadi hii, nayo inatosha ikiwa ni ya kweli. Alama ya 80 PLUS huonyesha kiasi cha umeme usiopotea kama joto. Ni alama nzuri, lakini haithibitishi kila kitu, na stika yake huigizwa.

Angalia nyuma kama kuna kitufe chekundu cha kuchagua volti 115 au 230. Nchi zetu zote hutumia umeme wa kati ya volti 220 na 240. Kitufe kikiachwa kwenye 115, pawa saplai hulipuka mara inapochomekwa. Kumbuka na plagi: Kenya, Uganda na Tanzania hutumia plagi ya pini tatu bapa, ilhali Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo nyingi ni za pini mbili za duara. Waya wa bei ndogo unaomfaa mteja wa Bujumbura huokoa lawama kubwa. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo, stabilaiza au UPS ni bidhaa ya kuuza pamoja na mzigo.

Vilivyotumika na vya feki

Septemba 15, 2022, sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za picha, na kadi nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana zikamwagika sokoni. Si zote mbovu, ila feni na viungo vya joto vyake vimechoka. Zinunue kwa bei ya kilichotumika, baada ya kuziona zikiendesha mchezo kwa nusu saa.

Feki ni jambo jingine. Kadi ya zamani hubadilishwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kama mpya zaidi. Programu ya bure ya GPU-Z huzitambua nyingi kati ya hizo na kuonyesha neno FAKE mbele ya jina. Ipo pia RX 580 iliyoandikwa 2048SP, ambayo si feki bali ni dhaifu kuliko RX 580 kamili yenye vitengo 2,304. Ukilipia bei ya ile kamili, umepunjwa.

Mpakani

Katika Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kompyuta na vipuri vyake, vifungu vya 8471 na 8473, vipo kwenye kiwango cha asilimia 0. Wengi husikia hayo wakadhani hakuna cha kulipa. Kodi ya ongezeko la thamani ni suala tofauti, na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16 Kenya na 18 Uganda na Rwanda, mbali na tozo nyingine. Pawa saplai na UPS zikija peke yake huangukia kifungu cha 8504, na skrini 8528. Kwa hiyo usikubali ankara iliyoandikwa tu "vifaa vya kompyuta". Kila kifaa kiwe na mstari wake, idadi na bei.

Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, wa mzigo usiozidi dola 2,000, umewekwa kwa bidhaa zinazotokana na nchi za Jumuiya. Kadi iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Kenya kwa kununuliwa Nairobi. Na ukinunua dukani kwa risiti ya kawaida, umelipa kodi ya ongezeko la thamani ya huko, kisha utadaiwa ya nchi unakokwenda. Mwuzaji aliyesajiliwa anaweza kukuuzia kama mauzo ya nje, kwa kiwango cha asilimia 0, ikiwa nyaraka za forodha zimetangulia. Zungumza na wakala wa forodha kabla ya kununua, si ukiwa tayari kwenye foleni ya Namanga.

Kabla ya kulipa

Mwandikie mteja orodha yenye majina kamili na aisaini. Hakikisha soketi, aina ya RAM, urefu wa kadi ndani ya kasha na wati za volti 12. Omba duka liviunge vifaa na kuviwasha mezani; gharama ya kazi hiyo ni ndogo kuliko nauli ya kurudi. Uliza waranti inaheshimiwa nchi gani, kwani nyingi huishia kwenye nchi kifaa kilikouzwa. Mwisho, piga picha namba za siri za kila kifaa, ili mteja asije akakurudishia kadi nyingine akidai ndiyo uliyomletea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika biashara hii daftari hilo ni simu yako.