Fahamu: Bega linalochomoka mara kwa mara hupona vipi baada ya upasuaji?

Julai 2025, kiungo wa Real Madrid, Jude Bellingham, alifanyiwa upasuaji wa bega la kushoto. Lilichomoka Novemba 2023, na tangu hapo alikuwa akicheza akiwa amelifunga.

Tatizo ni nini?
Kichwa cha mfupa wa mkono hukaa kwenye kikombe chenye kina kifupi, kikishikiliwa na gegedu, kano na misuli. Bega likichomoka, gegedu huweza kuchanika na kano kulegea, hivyo huchomoka tena kwa urahisi, hasa kwa vijana.

Daktari hufanya nini?
Mara nyingi hupitisha kamera kwenye matundu madogo na kushona gegedu kwenye mfupa. Mfupa ukiwa umelika sana, huhamishia hapo kipande cha mfupa.

Kupona huchukua muda gani?
- Wiki 4 hadi 6 za mwanzo: mkono huning'inizwa shingoni, vidole, kiwiko na kiganja huchezeshwa.
- Hadi mwezi wa 3: bega hurudishiwa wepesi polepole.
- Baada ya hapo: mazoezi ya nguvu.
- Miezi 4 hadi 6: michezo ya kugongana, kwa ruhusa ya daktari.

Bellingham alirejea uwanjani Septemba, mapema kuliko kawaida.

Kwa nini usiharakishe?
Maumivu huisha kabla mshono haujashika sawasawa. Kunyanyua mzigo mapema kunaweza kuufumua.

Mwone daktari haraka ukiona: homa, usaha, ganzi isiyoisha au bega kuchomoka tena.