WITCH yarudi baada ya miaka 39: sauti ya migodi ya Zambia yavuka tena mpaka

LUBUMBASHI – Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa, ukapita Chililabombwe na Chingola, unafika Kitwe. Ni inchi nyingine, lakini shaba ni ile ile, na Kibemba kinachosemwa huko kinasikika pia katika mitaa ya Lubumbashi. Katika miji hiyo ya migodi, mnamo miaka ya 1970, vijana wa Zambia walichukua gitaa za umeme wakaunda roki yao wenyewe: Zamrock.

Bendi iliyojulikana zaidi ilikuwa WITCH, na mwimbaji wake Emmanuel Chanda. Mashabiki walimwita Jagari, kwa kumfananisha na Mick Jagger wa Rolling Stones. Rais Kenneth Kaunda alikuwa ameagiza redio zipige zaidi muziki wa nyumbani, na mishahara ya migodi ilijaza kumbi.

Neema hiyo haikudumu. Katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba ilianguka, na pesa ya burudani ikapotea. Jagari aliacha bendi akawa mwalimu wa muziki, kisha akaenda kuchimba mawe ya thamani. WITCH iliendelea bila yeye, ikageukia disko pamoja na mpiga kinanda Patrick Mwondela, hadi albamu ya Kuomboka mwaka 1984. Baadaye ikanyamaza. Ukimwi uliua wanamuziki wengi wa kizazi hicho, na kati ya wenzake wa kwanza Jagari akabaki peke yake.

Santuri za zamani zilipochapwa upya Marekani, wasikilizaji wapya walianza kumtafuta. Mwaka 2019 ilitoka filamu ya Mwitaliano Gio Arlotta juu ya maisha yake. Juni 2023 ikafuata Zango, albamu ya kwanza ya WITCH baada ya miaka 39.

Ndani yake vipindi viwili vya bendi vinakutana: gitaa nzito za Jagari na disko ya Mwondela, wakisaidiwa na vijana wa Ulaya. Sampa the Great, msanii wa rapu aliyezaliwa Ndola, anaimba naye pia. Mwaka 2025 ilifuata albamu nyingine, Sogolo, neno la Kinyanja lenye maana ya mbele.

Kwa wakaaji wa Haut-Katanga, habari hii si ya jirani tu. Mwenda Jean Bosco wa Bunkeya alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na gitaa lake likasikika hadi Afrika Mashariki. Yeye alifariki mwaka 1990.

Jagari, aliyepita umri wa miaka 70, amepata bahati ambayo wenzake wa jukwaani hawakuipata: kupigiwa makofi angali hai. Wazee wa gitaa hawakosekani upande huu wa mpaka pia. Heri wasikilizwe sasa, kabla ya mgeni kuja kununua santuri zao wakati wenyewe hawapo tena.