Mfungwa Marekani akichelewa siku moja tu, kesi yake inakuwaje?

Mfungwa wa Marekani aliyepigwa na askari au kunyimwa matibabu anaweza kuwafungulia maofisa wahusika kesi ya madai kwenye mahakama ya shirikisho. Sheria anayoitumia, maarufu kama Kifungu cha 1983, chimbuko lake ni mwaka 1871.

Kufungua kesi siyo kazi. Kazi ni kwenda na tarehe za mahakama.

Wengi wao hawana mawakili, maana kwenye kesi za madai serikali hailazimiki kumpa mtu wakili. Mfungwa anaandika mwenyewe, mara nyingi kwa mkono. Gereza likifungwa kwa sababu ya vurugu, haruhusiwi kwenda maktaba ya sheria. Akihamishwa gereza, makaratasi yake yanaweza kubaki nyuma, na barua ya mahakama ikaenda kule alikotoka. Tarehe inamsubiri? Haimsubiri.

Hapo ndipo inaingia Kanuni ya 6 ya kesi za madai. Mfungwa akiomba kuongezewa muda kabla tarehe haijapita, anatakiwa tu kuonyesha sababu ya msingi, na majaji wengi huwa hawana ubishi kwa ombi la kwanza. Akiomba tarehe ikiwa imeshapita, mambo yanakuwa magumu: lazima aeleze kwamba uzembe wake ni wa kusameheka. Kwa hiyo karatasi moja inayosema "gereza limefungwa tangu tarehe fulani, naomba siku 30" inaweza kuokoa kesi nzima, ila itumwe mapema.

Na barua ikikwama kwa askari je? Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ililijibu hilo katika kesi ya Houston dhidi ya Lack. Mfungwa wa Tennessee alikabidhi notisi ya rufaa kwa maofisa wa gereza siku ya 27, lakini karani wa mahakama akaigonga muhuri siku ya 31. Mwisho ulikuwa siku 30. Majaji watano kwa wanne walisema inahesabika siku aliyoikabidhi gerezani, kwa sababu baada ya hapo hana tena uwezo nayo. Ndiyo maana wafungwa huandika tarehe ya kukabidhi na kuapa kwamba ni ya kweli.

Lakini kuna tarehe ambazo hata jaji hawezi kuzigusa. Mfano ni siku 28 za kuomba hukumu irekebishwe.

Kali zaidi ni kesi ya Bowles dhidi ya Russell ya mwaka 2007. Bowles, mfungwa wa Ohio, alikuwa anapinga kifungo chake. Sheria ilimruhusu jaji kufungua upya dirisha la rufaa kwa siku 14, lakini jaji, kwa makosa yake mwenyewe, akaandika siku 17. Bowles alifuata alichoambiwa, akawasilisha rufaa siku moja kabla ya tarehe ya jaji. Siku 14 zilikuwa zimeshapita. Mahakama ya Juu, tena watano kwa wanne, ikasema amechelewa.

Jaji David Souter, aliyepinga uamuzi huo, aliona si haki mahakama kumwadhibu mtu kwa kuiamini mahakama. Hata hivyo, uamuzi ulibaki vilevile na rufaa ya Bowles haikusikilizwa.