MARADHI YA INI KWA SUNGURA: ILANI KWA WAFUGAJI

Wafugaji wa sungura wanaarifiwa kuwa vifo vya watoto wa sungura waliotoka kuachishwa ziwa si lazima vitokane na majani mabaya. Huenda chanzo kikawa kimelea kiitwacho Eimeria stiedae, kisichoonekana kwa macho.

Mayai ya kimelea hiki hutoka katika kinyesi cha sungura mgonjwa, au cha mkubwa anayeonekana mzima. Penye joto na unyevu hukomaa kwa muda wa siku 2 hadi 4, na hapo ndipo huweza kuambukiza. Sungura akiyameza pamoja na majani au maji, kimelea hutoka utumboni hadi kwenye ini, kikazaliana ndani ya mifereji ya nyongo na kuiharibu. Mnyama hukonda, tumbo hujaa, na huenda akaharisha. Akipasuliwa, ini huonekana kubwa, lenye vipele vyeupe au vya manjano.

Kwa kuwa mayai hayakomai siku ile ile, kusafisha banda kila siku ndiyo kinga kubwa. Sakafu iinuliwe na iachwe mianya ya kupitisha kinyesi, na majani yasitupwe chini. Dawa za kawaida za kuoshea haziyaui mayai hayo. Yatumike maji yanayochemka. Wagonjwa watengwe, na daktari wa mifugo aulizwe mapema juu ya dawa za salfa, kwani ini likishaharibika sana dawa haifai kitu.

Maradhi haya hayamwambukizi binadamu. Hata hivyo, ini lenye vipele lisiliwe, bali lifukiwe mbali na banda.