Umeambiwa una sukari: wiki za kwanza nyumbani

Ulienda kituo cha afya ukifikiri ni malaria. Mwili unachoka, kiu haiishi, usiku unaamka mara nne kwenda kukojoa. Munganga akakutoboa kidole, akatia tone la damu kwenye mashine ndogo, kisha akasema: "Una ugonjwa wa sukari." Njia nzima ya kurudi Kalundu ao Kavimvira, maswali yanazunguka kichwani. Nitakufa? Nani amenitupia huu ugonjwa? Pesa za dawa zitatoka wapi?

Ndugu msomaji, kama ni wewe, ama ni mama yako, makala hii ni yenu.

Ni nini kinatokea mwilini

Chakula tunachokula kinageuka sukari ndani ya damu. Mwili unatengeneza insulini, ambayo kazi yake ni kufungulia sukari mlango iingie mwilini na kutupa nguvu. Kwa mwenye diabete, insulini haipo, haitoshi, ao mwili hauisikii tena. Sukari inabaki kwenye damu, na mtu anachoka hata kama anakula.

Hakuna mtu amekutupia. Hauambukizi, hata mkikula sahani moja. Na si ugonjwa wa matajiri wanene peke yao: mtu mwembamba anayelima kila siku anaweza kuupata, hata mtoto pia.

Ukipimwa asubuhi kabla ya kula, 126 mg/dl na kuendelea ni alama ya diabete. Ukipimwa saa yoyote na kukuta 200 ao zaidi, pamoja na kiu na mkojo mwingi, ni vilevile. Kama haukuwa na dalili yoyote, omba wakupime tena siku nyingine ili kuhakikisha.

Mtego wa kujisikia vizuri

Baada ya wiki chache za dawa, kiu inapungua na nguvu zinarudi. Hapo ndipo wengi wanaanguka. Wanasema: "Nimepona," wanaacha vidonge. Wengine wanaviacha juu wameambiwa hivyo katika chumba cha maombi, ama juu wamepewa chupa ya miti shamba.

Kusali hakukatazwi. Lakini kujisikia vizuri ni alama kwamba dawa inafanya kazi, si kwamba ugonjwa umeondoka. Sukari ikipanda tena inaweza kuharibu macho, figo na miguu kimyakimya, bila maumivu, kwa miaka. Ukitumia miti shamba, mwambie munganga, na usiiweke mahali pa dawa. Kama metformini inakuvuruga tumbo, imeze pamoja na chakula, na urudi kusema. Usiikate mwenyewe.

Sufuria moja kwa wote

Wengi wanaacha sukari ya chai tu, kisha wanakula mlima wa bugali. Bugali ya muhogo haina utamu mdomoni, lakini tumboni inageuka sukari. Mchele wa bonde la Ruzizi, ndizi na viazi ni vilevile.

Hakuna haja ya kupika sufuria mbili. Gawa sahani yako: nusu iwe mboga kama lengalenga, sombe ao kabichi; robo iwe ndagala, mukeke ao maharagwe; robo iliyobaki ndiyo bugali, kama ngumi yako. Punguza mafuta ya mawese. Fanta, juisi, miwa na mandazi, weka mbali. Pombe pia ni hatari, zaidi ukiinywa bila kula. Na tembea: nusu saa kwa siku inasaidia insulini kufanya kazi.

Chakula hiki ni kizuri kwa nyumba nzima. Mgonjwa anayekula peke yake kwenye kona hachelewi kuchoka.

Sukari ikishuka

Anayetumia insulini ao glibenklamidi asikose kula. Akianza kutetemeka, kutoka jasho baridi, moyo kupiga mbio, ao kusema maneno yasiyoeleweka, sukari imeshuka. Mpe vijiko 3 ao 4 vidogo vya sukari ndani ya maji, ngoja dakika 15, rudia kama bado, kisha ale chakula. Kama amezimia, usimtie kitu mdomoni: kimbiza hopitali.

Kimbiza pia anayetapika, anayepumua haraka na kwa nguvu, ao ambaye pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva sana. Hiyo ni sukari iliyopanda kupita kiasi, na haingojei asubuhi.

Insulini bila frigo

Insulini isiyofunguliwa inahitaji baridi ya digri 2 hadi 8, lakini isigande. Ile unayotumia inakaa karibu wiki 4 nje ya frigo, mbali na jua na moto. Umeme ukikatika ama kama hauna frigo, tumia vyungu viwili vya udongo: kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaoloweshwa maji kila siku, juu kitambaa kibichi, pahali pa kivuli na upepo. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotolewa mwaka 2021, ulifuata joto la kambi ya Dagahaley, Kenya, linalopanda na kushuka kati ya digri 25 na 37. Insulini ilibaki nzuri kwa wiki 4.

Sisi wa kandokando ya Tanganyika tunajua namna barabara ya Kamanyola ao mpaka wa Burundi unaweza kufungwa ghafla. Ukiweza, usingoje kidonge cha mwisho: weka akiba ya wiki mbili. Ukipanda boti kwenda Baraka ao Kalemie, dawa ikae kwenye mfuko wa mkononi, si chini ya mizigo. Andika kwenye karatasi jina la dawa na kipimo chako. Ukilazimika kukimbia, karatasi hiyo itamsaidia munganga asiyekujua.

Kila jioni

Angalia miguu yako, hata katikati ya vidole. Diabete inaweza kuua maumivu, na mtu akakanyaga msumari asisikie. Usitembee pekupeku, hata ufukweni. Kidonda kidogo kioneshe siku hiyohiyo. Macho yapimwe kila mwaka, presha kila unaporudi kwa munganga.

Kabla ya insulini kugunduliwa Toronto, Canada, mwaka 1921, mtoto mwenye diabete hakuwa na muda mrefu wa kuishi. Leo mtu anaweza kuishi nayo na kuzeeka, akiona wajukuu. Kinachohitajika ni dawa ya leo, sahani ya leo, na mtu mmoja nyumbani anayeuliza: "Mama, umemeza?"